Mtoto Niliyemkata Kwenye Fomu

Shikamooni wazee, na ninyi wenzangu habari za leo. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu ametaka niwaeleze nilivyoanguka. Nitasoma kwenye daftari langu, maana nikisema kwa kichwa huwa najipendelea. Elimu yangu ni darasa la saba tu, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa huku juu Matiri. Dada yangu alifariki siku ya kujifungua. Siku ya kumaliza matanga wazee walimweka yule mtoto wa kike mapajani pangu, nami nilikuwa bado namnyonyesha mwanangu wa kiume. Nikawanyonyesha wote wawili. Hakuna aliyeandika popote; kwetu nani anaandika jambo kama hilo? Mume wangu hakuguna. Ndiye aliyemchongea kitanda. Hilo mlikumbuke, kwa sababu huko mbele nitamsema.

Baadaye wakaingia wanunuzi binafsi wa kahawa, chama chetu cha ushirika kikalegea, na mume wangu aliyekuwa karani wa mizani akakosa kazi. Akaenda nchi moja ya kusini, akapata kibali cha kazi. Akaniandikia: "Omba viza ya mke. Tukishakaa miaka wanayotaka, tunaomba ukaazi wa kudumu, tunapumzika."

Nikaenda ubalozini Dar es Salaam. Kwenye fomu, penye watoto wa kuzaa, nikaandika wawili. Ndugu zangu, nawaambia, sikuona kama ni uongo. Kwenye foleni mama mmoja alinichekesha: "Hawa wanataka kujua kila kitu, dada. Bado kuuliza mbuzi wako anaitwaje." Kumbe mume wangu kwenye fomu zake aliandika mmoja.

Dada wa dirishani, Mtanzania mwenzetu, akaniuliza, "Mama, mumeo ana mmoja, wewe wawili. Huyu mwingine umezaa na nani?"

"Ni wa marehemu dada yangu."

"Basi si wako."

"Ni wangu."

"Mama, hapa tunataka cheti."

Hakuwa mkali. Alikuwa kazini. Viza nikanyimwa.

Nikampigia mume wangu simu kutoka posta ya Mbinga. "Jaza upya, andika mmoja," akasema. "Tukipata ukaazi tutamfuata."

"Nikishamkata, atarudi vipi?"

"Ni karatasi tu, mama watoto."

Nikajaza upya. Mmoja. Nikatia sahihi chini ya maneno kwamba sina mtoto mwingine. Nakala nikaificha ndani ya debe la mahindi. Akili yangu hiyo! Aliyekuwa akichota mahindi kila siku ni binti huyo huyo, na alikuwa darasa la tatu, anasoma kunishinda.

Asubuhi moja aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti. "Shikamoo, mama mdogo."

Tangu ajue kusema alikuwa ananiita mama. Mimi nikajibu marahaba. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Nilijibu marahaba, nikanawa.

Viza ikatoka. Nikampeleka kwa mama yangu ziwani, nikaondoka na wa kiume. Mama aliniuliza, "Unamwachia maneno gani?" Nikabeba mzigo wangu.

Kule hatukukaa vibaya, nisidanganye. Ila kila tulipoandaa karatasi za ukaazi, mume wangu alinikaririsha jibu: mtoto mmoja. Nikimkumbusha ahadi anasema, "Tukimtaja sasa, wataona tulidanganya." Alisema kweli. Kila karatasi ilipaswa kufanana na ile ya kwanza. Hiyo baadaye ya kumfuata haikuwepo tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimeitilia sahihi.

Siku ya usaili ofisa akauliza, "Watoto?" Mume wangu akanitazama. Nikasema, "Wawili."

Msinipigie makofi. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimechoka. Labda pia nilikuwa na hasira na mume wangu kwa mambo mengine, sina hakika. Nikanyimwa ukaazi, na viza yangu ikafutwa kwa kuwa nilidanganya kwenye fomu. Yeye alibaki na kibali chake cha kazi, na mwanangu akabaki naye kwa ajili ya shule. Stendi aliniambia, "Umechagua." Naye alikuwa anapoteza mke.

Niliporudi kwa mama yangu, nilidhani binti atanikimbilia. Alinipikia ugali na usipa, dagaa wetu wa ziwani, akaninawisha, akasema, "Karibu, mama mdogo," kama anavyokaribishwa mgeni. Tangu hapo nimekuwa mama mdogo.

Namshukuru mama yangu aliyemlea bila kunisema vibaya mbele yake. Nawashukuru ninyi mliokuja na majembe kupalilia kahawa yangu iliyomezwa na magugu, na hakuna aliyeniuliza mume wangu yuko wapi. Ninalowaachia ni hili: ukiambiwa umwache mtu nje ya karatasi kwa muda tu, uliza huo muda unaisha lini. Mimi sikuuliza. Mwanangu namsikia kwenye simu.

Mwaka huu binti amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Fomu alijaza mwenyewe. Kuna mahali pameandikwa "Jina la mzazi/mlezi", na chini yake, "kata lisilohusika". Aliandika jina langu. Hakukata neno lolote.

Sijui alisahau, au alikusudia. Sijamuuliza. Nimeirudisha fomu kwenye bahasha kama ilivyo.