Mlima Hester Unatembea

Mgeni rasmi, Bwana Everett Hargis, Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini, Mkuu wa Chuo, Dakta Lenore Whitt, walimu wetu, akina mama wa jikoni na akina baba wa karakana, wanafunzi wenzetu:

UKARIBISHO

Karibu Sorrel Gap. Tunajua umepanda kona thelathini na moja kutoka mjini, na kwamba ifikapo kona ya ishirini kila mgeni hujiuliza ni nani aliyemdanganya kuwa huku juu kuna chuo. Umefika. Mezani kuna maharage, mkate wa mahindi na siagi ya matufaha tuliyoikoroga kwa mikono yetu. Kwaya ilikuwa ikupokee mlangoni, lakini nusu ya waimbaji wanakaa Bweni la Juu, na wiki ya tatu sasa hawapati usingizi. Mtu asiyelala huimba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Tukaona afadhali tukusomee.

Ofisi ilituomba risala iwe fupi na yenye furaha. Furaha tumeitafuta kwa bidii. Ufupi umetushinda.

HISTORIA YETU

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1931 na dada wawili, walimu, waliopanda milima hii ya Karolina Kaskazini na nyumbu mmoja aliyebeba vitabu. Nyumbu alikufa, vitabu vipo. Tangu hapo mwanafunzi wa Sorrel Gap husoma kidogo cha kila kitu, Kigiriki, hesabu, muziki, historia, elimu ya viumbe, na asubuhi tatu kila wiki hufanya kazi ya mikono. Watu wa bondeni hututania. Muuza petroli akiona jezi zetu husema, "Ninyi wa falsafa, hebu lifalsafieni hili gari liwake." Tunamjibu kwamba gari lake limeshafikiri, na limekataa.

Mila yetu kubwa ni Siku ya Mlima. Kila mwaka, majani yakigeuka rangi, Mkuu wa Chuo huchagua siku moja bila kumwambia mtu. Asubuhi hiyo kengele ya kanisa hupigwa mfululizo, masomo hufutwa, na chuo kizima hukimbia kuupanda Mlima Hester na vikapu vya chakula. Sisi tunauita Bibi Hester. Wanafunzi waliotutangulia walimwamkia kila asubuhi kwa sauti kubwa, mswaki mdomoni, kutoka madirishani. Siku hizi tunamwamkia kwa kunong'ona, kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua.

MAFANIKIO

Kondoo wamezaa mapacha mara saba. Tanuri la mkate tulilolijenga wenyewe halijaanguka. Wenzetu kumi na tisa wa mwaka wa mwisho wamepita mtihani wa mdomo, hata yule aliyezimia katikati ya swali la pili.

Lakini fanikio tunalojivunia kuliko yote, na ambalo tungefurahi lisingekuwapo, ni daftari moja la kijani.

Profesa Ines Coburn, mwalimu wetu wa miamba, alistaafu miaka miwili iliyopita, na nafasi yake bado iko wazi. Kabla ya kuondoka alipigilia vigingi kumi na viwili katika mstari ulionyooka juu ya mteremko ulio nyuma ya Bweni la Juu, akamfundisha mwanafunzi mmoja kuvipima. Mwanafunzi huyo hakuacha. Mwaka wa kwanza mstari ule ulijipinda kwa unene wa kucha. Mwaka huu, kati ya Agosti na Oktoba, vigingi vitano vya katikati vimeshuka kwa upana wa kiganja.

Chini ya bweni lenyewe, kwenye chumba cha tanuru la maji moto, kuta zina nyufa. Tulichukua vipande vya vioo vya maabara, vile vya kuwekea kitu chini ya hadubini, tukavigandisha juu ya kila ufa kwa gundi. Kioo hakina subira. Ukuta ukisogea hata kidogo, chenyewe hupasuka. Tulibandika kumi na tisa. Leo asubuhi, kabla hatujavaa nguo hizi nzuri za kukupokea, tulikwenda kuvitazama. Vilivyopasuka ni kumi na kimoja. Jana vilikuwa tisa.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto zetu zina jina la mtu, na mtu huyo hayumo ukumbini. Anaitwa Corrie Ledford, yuko mwaka wa tatu, na daftari la kijani ni lake. Ruhusa ya kusimulia habari zake ametupa kwa barua.

Corrie amelelewa na bibi yake kwenye mteremko kama huu, wilaya ya jirani. Bibi huyo alimfunza kwamba nguzo za uzio zikianza kuinama kama zinazosikiliza jambo, uhamishe ng'ombe kwanza, kisha ujihamishe na wewe. Kwa hiyo mwezi wa tisa, alipoona mialoni michanga nyuma ya bweni imeinamia nyumba, hakusubiri Jumatatu yake ya kupima. Alikwenda kwa Bwana Dwight Pruett, msimamizi wa majengo, ambaye sote tunampenda na ambaye hajawahi kumfokea mtu kwa kuziba sinki.

"Binti, nyumba ya miaka tisini ina haki ya kuwa na makunyanzi," Bwana Pruett alimwambia. "Hata mimi ninayo."

"Wewe hujasogea nusu kiganja tangu Agosti, Bwana Pruett."

"Ungeuona mgongo wangu usingesema hivyo." Kisha akaacha kucheka, akavua kofia. "Nimeshaandika. Wamesema mkaguzi atakuja theluji ikiyeyuka."

"Na mvua za kabla ya theluji?"

"Mvua haisomi barua, mwanangu. Hilo nalijua."

Corrie anasema jibu hilo ndilo lililomtia hofu kuliko vigingi vyote. Ukimwuliza mtu mzima akakudanganya, waweza kubishana naye. Huyu alikubaliana naye, kisha akavaa kofia akaenda kurekebisha bomba.

Jumanne ya wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili iliyomzuia kupima Jumatatu, Corrie alikuwa peke yake kule juu na futi yake ya kupimia. Kigingi cha saba hakikuwapo. Alipokitafuta alisikia sauti chini ya miguu yake, ndogo, kama mtu anayechana kitambaa chumba cha pili. Alitazama chini akaona nyasi zimeachana. Alishuka kwa makalio, mkono baada ya mkono, akishika mizizi. Alipofika kwenye ardhi ngumu alikimbia moja kwa moja hadi kanisani, akaishika kamba ya kengele akaivuta kwa uzito wake wote, na hakuiachia.

Na sisi, mgeni rasmi, wasomi wa Kigiriki, tulifanya nini?

Tulishangilia. Tuliruka kutoka madarasani tukipiga kelele, "Siku ya Mlima! Siku ya Mlima!" Walimu walifunga vitabu. Jikoni waliwahi kutupa vikapu viwili vya matufaha. Kwa muda usiozidi dakika kumi zaidi ya watu sitini tulikuwa tunaupanda mlima ule ule, kwa njia ile ile, mbio, tukiimba.

Corrie alituona kutoka mnarani. Aliiachia kamba akatukimbilia kwa njia ya mkato, akatutangulia, akasimama katikati ya njia mikono kaitandaza, nywele zimejaa majani, suruali imechanika nyuma.

"Rudini! Mlima unatembea!"

"Basi tutakutana nao njiani!" akajibu Toby Sizemore, banjo mgongoni, na sote tukaangua kicheko.

"Toby, sikutanii!"

"Corrie, dada yangu, umekunywa juisi ya mwaka jana nini? Pisha, matufaha yanapoa."

"Matufaha hayapoi, mpumbavu wewe! Tazama chini!"

Hakuna aliyetazama. Tulimpita, wengine kulia, wengine kushoto. Mmoja alimpapasa kichwa. Tulikwenda hatua arobaini hivi. Ndipo mwenzetu wa mwaka wa kwanza, Asa Greer, mguu wake ulizama hadi gotini mahali palipokuwa na nyasi tupu. Alipouchomoa, kiatu kilibaki. Tulikisikia kikianguka ndani. Hatukusikia kikifika.

Kicheko kilikatika kama uzi. Watu sitini tulisimama juu ya mteremko ule, kila mmoja ameng'ang'ania pale alipo, hakuna aliyethubutu kushusha kisigino. Mtu mmoja alianza kusali na mwingine akamwomba asali polepole, kana kwamba sauti nayo ina uzito. Aliyetutoa ni yule tuliyempapasa kichwa. Alikuja taratibu mpaka karibu yetu, uso mweupe kama unga, akasema, "Shikaneni mikono. Kanyageni mizizi tu. Asiruke mtu." Tulishuka mmoja mmoja. Ilituchukua saa nzima kushuka mahali tulipopanda kwa dakika tano.

Jioni ile ile Corrie aliitwa ofisini. Kanuni ya kumi na nne inasema kengele ya Siku ya Mlima hupigwa kwa amri ya Mkuu wa Chuo peke yake. Alisimamishwa masomo siku iliyofuata, kwa kosa la kuzua taharuki na kuhatarisha maisha ya wenzake. Shauri lake litasikilizwa Ijumaa. Njia ya mlimani imezungushiwa utepe wa manjano. Bweni la Juu, lililo chini ya mteremko huo huo, halikuzungushiwa kitu, na watu thelathini na wanane wameambiwa waendelee kulala humo.

Hatumchukii Mkuu wetu. Ametufundisha wengi wetu kuandika sentensi inayosimama. Tunajua kwamba chuo kidogo hufa kwa uvumi kabla hakijafa kwa kitu kingine, na kwamba wazazi wa wanafunzi wapya wanakuja kukitazama wiki ijayo. Yeye ana hofu yake na sisi tuna yetu. Ila ya kwake inaweza kungoja theluji iyeyuke.

Beti hizi mbili tunaziimba jikoni tukiosha vyombo. Hazikutungwa kwa ajili yako, lakini hatukuona sababu ya kukuficha:

Mlima tunaupenda,
Ndio uliotulinda,
Leo mguu wapinda,
Nasi tumelala chini.

Vioo vimepasuka,
Na udongo unashuka,
Twambiwa hapana shaka,
Shaka i kwetu moyoni.

MAOMBI

Tuliandika maombi tisa. Tumeyafuta saba, likiwamo la mashine mpya ya kufulia. Yaliyobaki ni haya.

Tunaomba Corrie Ledford arudishwe, na Ijumaa asiketi mtu wa kumhukumu. Akifukuzwa kwa kuivuta kamba ile, hakuna mwanafunzi hapa atakayeigusa tena, hata akiona kwa macho yake kile alichokiona yeye. Sisi tuliokaidi wito wake tuko mbele yako tumevaa tai. Yeye aliyetuteremsha yuko kwa bibi yake.

Tunaomba Bweni la Juu lihamwe. Hatusemi theluji ikiyeyuka. Redio imetangaza mvua kubwa kuanzia leo jioni, siku tatu bila kupumua. Hatujui kama Bibi Hester atashuka. Pengine hatashuka. Wapo wenzetu wanaolala na viatu miguuni na wengine wanaolala chini ya meza, na ukiwauliza wanasema ni mazoea tu. Mmoja amemwandikia mama yake barua akaificha kwa rafiki wa bweni jingine, ili ipatikane. Ana miaka kumi na minane. Mtu wa umri huo barua yake ingepaswa kuwa ya mapenzi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ukigeuka utaona safu mbili za nyuma hazina watu. Ni za wakazi wa Bweni la Juu. Tunakusihi usidhani wamekukosea heshima. Tangu tulipokukaribisha, wao wako njiani wanashusha magodoro kwenda ukumbi wa mazoezi, ng'ambo ya barabara, ambako ardhi ni tambarare. Bwana Pruett hajui. Mlango wa ukumbi huo tuliufungua wenyewe. Hatukuomba ruhusa kwa sababu tuliogopa jibu. Sasa tunaiomba, mbele ya watu wote, na kama ni kosa basi ni la kila mmoja wetu, na majina yetu yote yameambatanishwa na karatasi hii.

Tuliirefusha risala ili wapate muda. Kutoka hapa tunauona mlango wa bweni: yamebaki magodoro sita, na matone yameanza. Chakula kiko tayari na unakaribishwa mezani. Lakini kama utapenda kututangulia kwa mfano, godoro moja hubebwa na watu wawili.

Aliyeiweka milima na aishike usiku huu, akushike na wewe kwenye kona zako thelathini na moja, na amshike kila aliyelala chini ya kitu kikubwa kuliko yeye.

Ni sisi, wanafunzi mia mbili na kumi na mmoja wa Chuo cha Sorrel Gap, pamoja na mmoja aliye nyumbani.