Filamu Niliyoitupa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtaalamu wa virusi tuliyemzika juzi, yule ambaye wanafunzi wake walimwita Bi Seli. Niseme mapema, mnisamehe: nilimwonea wivu. Miaka ishirini na miwili nilimwonea wivu, na leo mimi ndiye ninayemsimulia.

Kabla ya kushika maikrofoni nilikuwa mwanafunzi wa maabara. Mimi na yeye, tukiitana dada, meza moja, chumba kisicho na dirisha, friji linanguruma kutwa. Tulichunguza kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu anamwua mwenyeji. Tena anakuja mikono mitupu: jeni zake hazifanyi kazi mpaka protini za seli aliyoiingia ziziwashe. Protini za mwenyeji, wasikilizaji. Si zake.

Siku hizo maabara yetu iliwinda protini za kirusi tu. Mstari wowote uliotokea kwenye filamu, ile ya eksirei inayoonyesha kila protini kama mstari, upande wa seli zenye kirusi, ukatokea pia upande wa seli safi, tuliuita uchafu. Siku moja filamu yangu ikatoa mstari wa namna hiyo, mweusi, mnene. Nikaitupa. Bi Seli akaitoa kwenye pipa, akaniuliza kama hiyo haiwezi kuwa protini ya mwenyeji inayomzuia mgeni. Nikamwambia aache kuokota takataka.

Miezi kumi na minne alihangaika na mstari ule. Akaiondoa protini ile kwenye seli, jeni za kirusi zinazoleta saratani zikaamka. Akairudisha, zikalala. Ilikuwa kufuli. Alinibembeleza tuandike pamoja. Nilikataa kwa kiburi, kisha aliposifiwa peke yake nikanuna! Roho iliniuma mpaka nikaacha maabara. Alinialika kwenye kila hotuba yake. Sikwenda hata moja.

Jana nilikwenda kuhani. Mume wake, fundi saa, mtu wa maneno machache, alinikalisha mbele, akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na filamu yangu. Pembeni jina langu, kwa mwandiko wangu, halijafutwa.

"Shemeji," alisema, "kila hotuba alianza na hii. Aliwaambia watu ni ya dada yake, yeye aliiokota tu. Halafu anakitazama kiti cha mbele. Hakuruhusu mtu akikalie. Kilikuwa chako."



Pole, shemeji. Poleni, wanawe wawili. Pole, mama uliyemzaa, Mungu akutie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, kikulacho ki nguoni mwako. Kama umemnunia mtu kwa sababu alifanikiwa, mwendee leo, angali anakungoja. Mimi nimefika, nimekaa mbele, na aliyeniwekea kiti hayupo.