Neno Moja, Sauti Mbili

Benchi lile nililipiga misumari mwenyewe, nje ya karakana yangu ya useremala, Mtaa wa Sikukuu, ndiyo maana najipa haki ya kukasirika mtu akilikalia na kusema upuuzi. Na siku hiyo upuuzi ulisemwa, si haba. Juzi yake usiku, wezi wenye mkokoteni walifika kwenye kizuizi cha mgambo wetu wa nyumba kumi, wakataja neno la siri, “jembe”, kama wenyeji, wakapita. Walirudi na majora ya khanga ya Kasmir, Mchaga mwenye duka la kona tunayemwita Kufuli. Mjumbe akatuagiza: leteni sheria mpya kabla ya adhuhuri, ianze usiku huu huu. Mzee Mbaruku, muuza kahawa wetu, akamimina kahawa, na Kufuli akaanza hata kabla ya kuonja.

— Sikilizeni. Neno mwenyeji analinong'ona. Atakayelipaza, hata kama neno ni lenyewe, huyo mwizi. Anakaa chini ya ulinzi mpaka alfajiri.

— Neno si neno tu? — akadakia Bakili, hamali wa sokoni. Huyu ni Kipaza. Akikusalimia Kariakoo wanaitika Mnazi Mmoja. — “Jembe” nikilisema kwa nguvu linageuka shoka?

— Mwizi kalisikia kwako! Juzi ulilitangaza mtaa mzima.

— Nililitaja kiume!

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Bakili.

— Basi simba ni huyo mwizi wako, bwana. Kenda pole, na nyama kala.

Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Kufuli hakucheka. Nguo zilikuwa za kupanga foleni siku zile, na majora yale aliyahangaikia hasa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kata shauri.

Umakant, fundi saa wa jirani, tunamwita Sekunde. Yeye huzungumza taratibu, na hapo ndipo huwa wa hatari.

— Kunong'ona tu hakutoshi. Mwizi atajaribu sauti mbili, moja itakubali. Tulikate neno. “Je” kwa mnong'ono, “mbe” kwa sauti. Kesho tunageuza.

— Na keshokutwa tuimbe! — Kipaza akapiga paja.

— Kuimba nako kuna ulinzi wake, — Sekunde akajibu, wala hatanii.

— Tusiende mbali, — Kufuli akakata. — Mgambo wenyewe watachanganyikiwa. Kunong'ona, basi.

Nikaona nami niseme, benchi ni langu.

— Na mwenye mafua, sauti imemkauka?

— Alale mapema.

— Mlevi?

— Ajifunze!

— Je, mtu akisemewa na mwenzake?

— Hakuna kusemewa! — Kufuli akasimama kabisa. — Wezi watamtanguliza mwenyeji na kisu mgongoni, aseme kwa niaba yao. Kila mtu kwa kinywa chake. Asiyeweza, asipite. Hakuna udhuru!

— Nami sauti nimeumbwa nayo hii, nifanyeje? — Kipaza alikuwa amekasirika kweli sasa. — Nitahamia Jangwani nikalale na mafuriko! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Methali ile haikuwa na kazi pale, lakini Kipaza akishikwa na hasira hurusha yoyote iliyo karibu.

— Wanaokubali, mikono juu, — akasema Kufuli.

Sekunde akanyoosha. Nami nikanyoosha, maana randa na misumeno yangu nayo inahitaji usalama. Kipaza akajiona yuko peke yake, akanyoosha huku ananung'unika. Kufuli akavaa kofia aende kwa mjumbe.

Hapo mkewe, Severa, akaja kutoka upande wa duka, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia. Siku zake zilikuwa zimetimia.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Mnapiga kura ya nini?

Kufuli akamweleza yote kwa fahari: mnong'ono, kila mtu kwa kinywa chake, hakuna kusemewa, hakuna udhuru, kuanzia usiku huu. Severa akamsikiliza mpaka mwisho.

— Bi Mektilda, mkunga wangu, si yuko ng'ambo ya kizuizi?

— Ndiyo.

— Uchungu ukinishika leo usiku, mume wangu, nitanong'onaje?

Kufuli akaivua ile kofia. Sekunde akainamia saa yake.

— Utajikaza, shemeji, uta... — Kipaza akaanza.

— Nijibuni, — akasema Severa. — Kwa mjumbe hamwendi mpaka nijibiwe.

Akatusogeza, akakaa katikati ya benchi, akaanza kututazama mmoja mmoja.