Kitabu cha Watu wa Mikoani

Benchi la Severina, muuza kahawa, liko Manyoni pale mabasi ya Dar yanaposimama, na anayekalia benchi hilo bila neno la kusema huonekana mgonjwa. Siku hiyo Paschal, fundi baiskeli wanayemwita Spoku, alifika kanuna, kwapani kabana kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali. Alikipata kwa binti yake, Editha, anayekisoma chuoni Dar. Spoku alikuwa amemuuliza kwenye simu, bila kuzunguka: utarudi kufundisha nyumbani? Akajibiwa: "Baba, soma hicho kitabu. Ukifika mwisho utajua ninachowaza." Basi anasoma, kwa kamusi na kwa ubishi.

— Kinahusu nini hasa? aliuliza Behewa, mstaafu wa reli.

— Maisha ya mikoani, Uingereza ya zamani. Kamusi ndivyo inavyosema.

— Kumbe na Wazungu wana mikoani! Mkuu wa mkoa wao nani?

— Nimefika katikati, hajatokea.

— Yuko ziarani, alidakia Waziri, dereva wa bodaboda aliyepewa jina hilo kwa wingi wa ahadi.

— Nyie endeleeni kucheka! Kuna binti wa fundi matandiko ya farasi. Ana akili, lakini kila jioni anasimama barabarani kutazama gari la farasi linaloenda mjini. Kurasa arobaini anatazama tu!

— Karogwa huyo, alisema Waziri.

— Karogwa wapi! Anasubiri reli, alisema Behewa. Reli ikifika atapanda.

— Sasa nimeelewa, alisema Waziri. Mkuu wa mkoa kaweka kizuizi barabarani, binti asiondoke. Ndiyo maana hatokei, yuko kizuizini.

— Hata akienda atarudi, alisema Behewa. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Ngamani ndiyo nini?

— Stesheni. Iko kabla ya Morogoro.

— Morogoro nimepita mara ngapi, sijaiona!

— Treni ya haraka haisimami hapo.

Severina alicheka mpaka vikombe vikagongana. Spoku hakucheka. Alimkumbuka Editha mdogo, amekaa kwenye keria ya baiskeli, anasoma kwa sauti Kiingereza cha kwenye maboksi ya tyubu, na yeye baba anasahihisha asichokijua. Siku hizi wenzake chuoni wanamwita "wa mkoani", na yeye anacheka nao. Kicheko hicho Spoku alikisikia kwenye simu.

Mama mmoja mwenye tenga la kuku, msafiri wa Dar, alikuwa amejibanza pembeni mwa benchi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahani, baba. Kama jibu la mtoto liko mwisho, si ufungue ukurasa wa mwisho?

Behewa akachungulia kikombe chake. Spoku alifumbua mdomo awake, akakuta hasira haipo. Severina akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu.

— Imekwisha, alisema.

Basi likapiga honi. Mama akabeba kuku wake, akaenda huko aliko Editha. Spoku akafungua kitabu palepale katikati, binti bado kasimama barabarani, akaendelea kusoma neno moja moja, kama mtu anayemsindikiza mgeni wake na hataki kufika njia panda ya kuagana.