Cleophas Barasa Sifuna, Aliyejifunzia Kichina Kwenye Kioo

Marehemu Cleophas Barasa Sifuna alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Malava, Kabras, akiwa kifungua mimba wa Mzee George Sifuna na Mama Jescah Ayuma. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari mjini Kakamega. Mwaka 1962 alipata nafasi ya kusomea udaktari wa mifugo Peking, China. Mama yake alimfungia kuku wa njiani, akamwambia, "Mwanangu, huko unakoenda, heshimu wakubwa."

Heshima hiyo nusura imrudishe nyumbani. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa Kichina tu, na asiyefaulu hangeingia kwenye masomo ya mifugo. Mwalimu wao alikuwa mama mwenye mvi, na alitaka wanafunzi wamtazame mdomoni anapotamka. Barasa aliinamisha macho. Kwetu mwanamume hamkodolei macho mama wa rika la mkwewe. Basi wenzake wakawa wanatamka, yeye anababaika.

Kipruto, aliyelala naye chumba kimoja, alimcheka. "We Barasa, huyo ni mwalimu, si mama mkwe!"

"Mkwe wangu bado simjui. Itakuwaje akiwa ndiye?"

Mtihani ulipokaribia, Kipruto alimweleza mwalimu sababu. Yule mama hakucheka. Kesho yake alikuja na kioo, akaketi akimpa Barasa mgongo, akakiinua. Barasa akautazama mdomo wake mle kiooni, bila kumvunjia mtu heshima. Pole pole akashika sauti zinazopanda na zinazoshuka. Akafaulu.

Alirudi mwaka 1966, akaajiriwa kutibu mifugo Kabras. Wafugaji walimwita Daktari Mchina, naye aliitika. Tarehe 9 Desemba 1967 alimwoa Selpher Khalayi wa Khayega. Akikutana na ng'ombe mkali, alimbembeleza kwa Kichina.

"Anaelewanga nini huyo?" Selpher alimuuliza.

"Anaelewa kwamba sina haraka."

Novemba 1969 alianza kuugua ini. Aliumwa bila kunung'unika, hata akawa anawapa pole waliokuja kumjulia hali. Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Aprili 1970, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Amewaacha wazazi wake, mkewe Selpher, na binti yao Mideva wa mwaka mmoja na nusu, ambaye baba yake alimfundisha kuhesabu hadi tatu kwa Kichina kabla hajajua kwa Kiswahili. Tangu juzi mtoto anasimama mlangoni akihesabu, kisha anangoja baba amwitikie.

Mungu ampokee Barasa, ampe mapumziko mema.