Mama Twende wa Cherehani na Magogo ya Mtoni

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa karani wa stesheni na mkewe mwalimu wa chekechea. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alitoka kabla mkunga hajanawa mikono, na tangu siku hiyo hakumngoja mtu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha sekondari hadi kidato cha nne. Ripoti zake zilisema ana akili ila hatulii kitini. Kengele ikilia yeye yuko mlangoni tayari, anawahimiza wenzake, "Twende!" Jina likamganda. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1982.

Mwaka uliofuata alifungua duka la kushona sare za shule mtaa wa chini, hatua chache kutoka darajani. Wateja walimpenda, ingawa aliwachosha. Mtu hajamaliza kueleza anachotaka, yeye ameshampima mabega.

Mwenzi wake, fundi redio, mtu wa maneno ya kuhesabu, alimfuata dukani na suruali ya kupunguzwa. Marehemu akamuuliza anaoa lini. "Sina mchumba," akajibu. "Sasa suruali hii unampunguzia nani?" Walifunga ndoa tarehe 12 Disemba 1987, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwezi wa Aprili 2014 mto uliingia mtaa wa chini mchana kweupe. Vyerehani vyote vilizama. Jirani yake, bibi muuza vifungo, alirudi ndani kuchukua kofia yake, na maji yakamkuta humo. Marehemu alikuwa ng'ambo ya barabara akimwita kwa sauti yake yote. Jambo hilo lilimuumiza hadi mwisho. Tangu hapo wingu likitanda tu, anaacha chakula mezani, anakwenda kuchungulia mto.

Kwa hiyo wanachuo wa chuo kikuu walipokuja kutafuta watu wa kujitolea, yeye alikuwa wa kwanza. Walitaka kupanda miti kwenye miteremko na kulaza magogo kwenye vijito vya juu, wachunguze kama maji yanaweza kupunguzwa mwendo kabla hayajafika kwenye nyumba za watu. Alifunga duka kila Jumamosi, akapanda nao mlimani akiwa na buti za mumewe, zinampwaya.

Hapo ndipo alipofanya kituko ambacho wenzake wanakisimulia hadi leo. Aliona magogo yana mianya, roho ya ushonaji ikakataa. Akapanda peke yake na magunia ya udongo, akaziba kila upenyo, akashuka anajisifu. Mvua ya kwanza ikasomba kizuizi kizima pamoja na kipimo cha maji cha wanachuo.

"Mama, kile kilitakiwa kivuje," alimwambia binti mmoja mtafiti, aliyewaongoza wanachuo hao, karibu kulia. "Kikivuja, maji yanapita polepole. Ukikiziba, yanajaa nyuma mpaka yanakibomoa."

"Mwanangu, mimi kitu kinachovuja nakiita kibovu!"

"Basi huku hicho ndicho kizima."

Marehemu alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Wiki iliyofuata alirudi wa kwanza na shoka begani, na kuanzia hapo ole wake mtu wa kujitolea atakayeonekana na kiganja cha udongo karibu na magogo. Wanachuo walihitimu wakaondoka, wakaja wengine, yeye akawapokea wote kwa mzaha huohuo. Binti mtafiti hakuondoka. Swali lake na la marehemu lilikuwa moja: mto ukifurika tena, haya magogo yatasaidia?

Februari mwaka jana madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Kitanda kilimshinda kuliko maumivu. Alihamishwa wodi akaomba dirisha linalotazama mawingu, na wauguzi walimkuta mara kadhaa amesimama hapo na dripu yake.

Machi mwaka huu mto ulifurika. Familia tulikubaliana asiambiwe ukweli, na mumewe akapewa kazi hiyo ngumu.

"Mama watoto, mto umepita salama. Haukuingia mtaani."

"Wewe uongo hujui, baba. Usianze leo." Akamgeukia binti mtafiti, aliyekuwa mlangoni na matope magotini. "Sema wewe."

"Maji yameingia, mama. Mpaka madirishani, karibu kama mwaka ule."

Ndugu mmoja alitaka kumtoa binti huyo nje. Marehemu alimzuia kwa kidole.

"Lakini yamechelewa," binti akaendelea. "Huko juu mto ulijaa asubuhi. Mtaani yamefika alasiri."

"Nani alibaki ndani?"

"Hakuna. Wametoka wote, na magodoro yao."

Machozi yalimtiririka marehemu. Kisha akasema, "Andika hivyo. Na kwamba yameingia, uandike pia. Usinipambie."

Alifariki tarehe 27 Machi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti yake na mkwewe, mwanawe wa kiume, wajukuu wanne, dada mkubwa na kaka, pamoja na binti mtafiti, ambaye nyumbani ni mtoto kama watoto wengine. Ameacha pia watu wa mtaa wa chini. Nyumba zao bado zina tope, na wao wote wako hai.

Mungu ampe pumziko la amani.