Risala ya Mabibi Wanaojifunza Maneno ya Moyoni

Mgeni rasmi, Mkuu wa Elimu ya Watu Wazima, mwalimu wetu, ndugu waalikwa:

MAKARIBISHO
Karibu sana. Sisi mabibi wa darasa la jioni tumefurahi umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Utuwie radhi kwa mabenchi haya. Asubuhi chumba hiki ni kliniki ya wajawazito.

TULIKOTOKA
Tulianza na Kiingereza cha biashara: bei, punguzo, chenji. Lakini wengi wetu tuna wajukuu ng'ambo wasiojua Kiswahili. Simu ikija ni "hau ayu", "faini", kisha tunabaki kusikilizana pumzi. Ndipo tukamwomba mwalimu atufundishe maneno ya tabia na ya hisia.

MAFANIKIO
Sasa tunayajua "lonely", "proud" na "jealous". "Stubborn", yaani mkaidi, ilituletea ubishi. Mwenzetu Mama Vitunguu alisema kwa mumewe ni tusi, kwa mwanawe ni sifa.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alifiwa na mwanawe huko huko ng'ambo, aliyeacha binti ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Mwaka huu binti huyo, sasa msichana mkubwa, alimuuliza bibi yake kwenye simu: baba alikuwa mtu wa namna gani? Fundi akajibu, "Good." Good vipi? "Very good." Akakata simu, akalia. Mgeni rasmi, hata kikombe huitwa good.

Tulipojifunza "stubborn", Fundi alipiga simu mwenyewe, akamwambia ndivyo baba yake alivyokuwa. Binti alicheka, akasema naye mama yake humwita hivyo hivyo kila siku. Tangu hapo, kila Jumapili anadai neno jingine la baba yake.

CHANGAMOTO
Tumesikia kwamba kuanzia mwezi ujao ofisi yako inaturudisha kwenye bei na punguzo, kwa kuwa maneno ya hisia hayaleti riziki. Hatubishi. Mkono mtupu haulambwi, na vitunguu lazima viuzwe. Ila tumeumia.

MAOMBI
Hatuombi mabenchi mapya. Tunaomba somo hili liendelee. Fundi ameshamwambia mjukuu kuwa baba yake alikuwa mkaidi, mkarimu, na mwoga wa mbwa. Bado hana neno la kijana anayeaga akicheka ili mama yake asilie. Mwalimu anasema lipo, tutalifikia mwezi ujao.

Mungu akujalie afya, na uzeeni akupe watu wa kuzungumza nao.

Ni sisi,
Mabibi wa Darasa la Jioni